Kereng'ende asiyetua: Pantala flavescens kwa karibu

Ukiona kereng'ende kumi, ishirini, wanazunguka juu ya uwanja mtupu, mita tatu nne kutoka ardhini, mto hakuna, ziwa hakuna, na kwa dakika tano nzima hakuna hata mmoja aliyetua, basi karibu kila mara huyo ni Pantala flavescens. Watu wengi huanza na rangi. Anza na kutotua huko. Umanjano wanao kereng'ende wengi, hasa majike na wale waliotoka majini juzi, lakini kushinda angani tangu jua likolee hadi jioni ni tabia ya wachache.

Kwa Kiswahili cha kila siku wote ni kereng'ende tu, awe yule mwekundu wa bwawani au huyu wa uwanjani, kwa hiyo hapa sina budi kutumia jina la kisayansi. Lilitolewa na Johan Christian Fabricius mwaka 1798 kwa wadudu waliotoka India. Neno flavescens ni Kilatini, yaani mwenye kuelekea umanjano. Jenasi yake ina spishi mbili tu, na ya pili, Pantala hymenaea, ni ya mabara ya Amerika.

Shika neno moja, mengine yatafuata: huyu ni mdudu wa dimbwi linalokauka. Upana wa mabawa yake, haraka ya watoto wake kukua, ramani yake inayozunguka dunia, vyote vimetokana na hilo. Maji aliyozaliwa humo hayatakuwepo miezi michache baadaye, na hana njia nyingine ila kwenda kutafuta mengine.

Akiwa mkononi

Kereng'ende hashikwi kwa mguu wala kwa tumbo. Mguu hukatika, tumbo hupinda na halinyooki tena. Yakutanishe mabawa yote manne juu ya mgongo, kisha yabane kwa kidole gumba na cha shahada karibu na kifua. Akishikwa hivyo hatulii sana, lakini haumii, na unaweza kumgeuza utakavyo.

Mwili una urefu wa milimita 45 hadi 50 hivi, na mabawa yakitandazwa hufika sentimita 7 hadi 8 na kidogo. Ni mdudu wa wastani, mkubwa kuliko kereng'ende wengi wa kando ya bwawa. Kichwa karibu chote ni macho: yamekutana utosini, juu yana wekundu wa kahawia, chini yana kijivu. Uso ni wa manjano, na kwa dume mzee hugeuka rangi ya chungwa iliyoiva. Kifua ni cha manjano iliyofifia, kina vinyweleo laini, na ubavuni hakina mistari mikali.

Tumbo huanza nene kisha huchongoka taratibu hadi mkiani, umbo ambalo ukilizoea hulisahau tena. Rangi yake ni manjano ya dhahabu. Dume akikomaa, mgongo wa tumbo hupata wekundu, kana kwamba mtu amepitisha brashi ya rangi kavu kwa juu tu. Katikati ya mgongo kuna alama nyembamba nyeusi, na kwenye pingili ya nane hadi ya kumi alama hizo hupanuka kuwa madoa meusi dhahiri. Mwishoni kuna vishikio viwili vyeusi, virefu na vyembamba.

Sasa mabawa, na hapa usiharakishe. La mbele ni jembamba na refu. La nyuma limepanuka sana upande wa mwilini, kama tanga lililofunguliwa, kiasi kwamba shina lake hufunika sehemu ya mwanzo ya tumbo. Upana huo ndio unaomwezesha kupiga mabawa mara chache, kuyatandaza, na kuteleza juu ya hewa ya joto bila kutumia nguvu nyingi. Mabawa ni angavu, hayana mikanda wala mabaka. Kwenye kona ya ndani ya bawa la nyuma kuna kivuli cha manjano kisicho na mpaka, kama alama ya chai kwenye kitambaa cheupe. Mara nyingine kimefifia hadi hakionekani mpaka umweke juu ya karatasi nyeupe. Baadhi ya madume huwa na rangi ya kahawia kidogo kwenye ncha ya bawa la nyuma.

Alama nyingine ambayo wengi huiruka ni doa la bawa, kile kidirisha kidogo chenye rangi kilicho ukingoni mwa mbele karibu na ncha. Kwa Pantala doa la bawa la mbele ni refu kuliko la bawa la nyuma, na kingo zake mbili fupi hazikwendi sambamba, moja imeinama. Kwa picha iliyo safi, doa hilo peke yake hupunguza sana ubishi.

Wanaochanganywa naye

Anayewasumbua watu zaidi ni jenasi ya Tramea. Nao huruka kutwa, nao wana bawa la nyuma pana. Tazama shina la bawa hilo: Tramea ana baka la kahawia nzito au jeusi lenye ukingo unaoonekana, si kivuli cha manjano. Halafu subiri atue. Tramea hukaa juu ya ncha ya kijiti, mwili umelala au mkia umeinuliwa. Pantala huning'inia chini ya kitawi, mwili ukielekea ardhini wima kama tunda. Yule ndugu yake wa Amerika, Pantala hymenaea, ana doa la kahawia la mviringo kwenye kona ya ndani ya bawa la nyuma, kwa hiyo walipo wote wawili angalia hapo hapo.

Jioni, mwanga unapopungua, huingia Tholymis tillarga. Huyu huruka kasi na chini chini juu ya maji, na dume ana baka la kahawia katikati ya bawa la nyuma likifuatiwa na weupe wa maziwa. Weupe huo hung'aa gizani kuliko mwili wenyewe.

Mwingine ni Brachythemis leucosticta, yule anayefuata miguu ya watu na mifugo ili adake vijidudu vinavyofurumuka majanini. Tabia hiyo ya kuzunguka watu huwafanya wengi wadhani ni Pantala, lakini huyu hutua ardhini kila mara, ni mdogo, na dume aliyekomaa ana mkanda mweusi katika kila bawa. Kuhusu majike ya manjano ya Crocothemis erythraea, yaache mpaka yatue: baada ya dakika moja yatakuwa yamekaa kwenye jani, na ubishi umekwisha.

Picha nyingi zisizofaa zina kosa moja. Mdudu amepigwa kutoka chini, nyuma yake anga jeupe, na kamera imepunguza mwanga ili kuokoa anga. Mwili wa manjano unatoka mweusi na kivuli cha bawa kinapotea. Ongeza mwanga hatua moja au mbili, tumia kasi ya shata ya 1/2000 au zaidi, na lenga anapopita mbele ya miti, si mbele ya mawingu. Rahisi zaidi ni kumtafuta saa moja asubuhi, kabla hajapata joto, akiwa ananing'inia kwenye vichaka vilivyo upande usiopigwa na upepo. Hapo anavumilia kamera kwa umbali wa nusu mita. Piga picha nne: kutoka ubavuni, mgongo mzima wa tumbo, shina la bawa la nyuma, na uso. Picha moja nzuri ya ubavuni peke yake mara nyingi haitoshi.

Maji anayoyataka

Mkubwa na mtoto hawaishi pamoja. Mkubwa ni wa mahali wazi: nyika, mashamba, viwanja, fukwe, barabara pana, hata katikati ya miji. Msitu mzito haumfai. Hula wadudu wadogo angani, na kumbikumbi wakitoka baada ya mvua kereng'ende hawa hukusanyika kwa mamia juu ya shimo moja, wakipita na kurudi katika hewa ile ile mpaka karamu iishe.

Kwa mayai, jike hutafuta maji yenye kina kifupi, yaliyosimama, yenye joto, yasiyo na mimea mingi, na hasa yaliyoanza kujaa karibuni. Madimbwi ya mvua, mashamba ya mpunga, mitaro, mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa bila dawa, matangi yaliyo wazi. Sababu ya kupenda maji mapya ni samaki. Dimbwi lenye wiki mbili halina samaki, na tunutu (watoto wa kereng'ende wanaoishi majini) wa spishi nyingine kubwa hawajafika. Watoto wake ni wepesi, wanatembea huku na huku kutafuta chakula mchana kweupe, na katika ziwa la kudumu uchangamfu huo ungewamaliza.

Jike hutaga akiwa bado ameshikwa na dume kichwani au akiwa peke yake, akigusisha ncha ya tumbo kwenye uso wa maji tena na tena, kila mguso ukiacha mayai. Na hapa kuna ajali ya kusikitisha. Kereng'ende hayatambui maji kwa unyevu. Huyatambua kwa jinsi yanavyoakisi mwanga, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka kwenye uso wa maji umepangika upande mmoja, mlalo. Boneti ya gari iliyong'arishwa na karatasi ya plastiki nyeusi iliyotandazwa juani huakisi vivyo hivyo, tena kwa nguvu kuliko dimbwi lenyewe. Pantala wameonekana wakitaga juu ya magari, na mayai hayo hukauka muda huo huo. Ukikuta kereng'ende wawili wamefungana wakigonga paa la gari kwa mkia, hawajapatwa na wazimu, wameona dimbwi.

Yai huanguliwa baada ya siku chache maji yakiwa ya joto. Tangu hapo mpaka kutoka majini, tunutu huhitaji siku 38 hadi 65 hivi kutegemea joto na chakula. Hiyo ni mbio. Kuna kereng'ende ambao tunutu wao hukaa majini mwaka mzima au zaidi. Baridi ndiyo inayomshinda: maji yakipoa ukuaji hulegea, na hana hatua yoyote ya kulala akisubiri msimu upite. Hakuna yai linalovumilia ukame wala tunutu anayejifukia topeni. Dimbwi likikauka siku tatu mapema, kizazi chote kimekwenda.

Tunutu aliyekomaa ana milimita 24 hadi 26, rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na madoadoa ya kahawia, macho yamewekwa pembeni mwa kichwa. Mtambue kwa vitu viwili. Kwanza, pingili ya nane na ya tisa zina miiba mirefu ubavuni inayoelekea nyuma. Pili, mdomo wa chini, ule unaochomoka kudaka chakula, hufunika uso kama kijiko, na kingo za vipande vyake viwili zina meno makubwa yanayoingiliana. Kioo cha kukuzia cha mara kumi kinatosha.

Kumpata si kazi. Chukua chujio lenye matundu ya milimita moja hivi, lipitishe juu ya matope ya chini kwa mwendo wa nane, limwage kwenye beseni jeupe lenye sentimita mbili za maji ya dimbwi lile lile. Wanaokimbia ndio hao. Ukitaka kumwona akitoka, mweke kila mmoja chombo chake cha nusu lita. Wawili katika chombo kimoja watakuwa mmoja kesho yake. Tumia maji ya dimbwi au ya mvua, kwa kuwa ya bomba yenye klorini huua. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri, kumi au kumi na tano kwa siku, na vilivyokufa viondolewe kabla maji hayajanuka.

Vifuko vya mabawa mgongoni vikivimba na mdudu akigoma kula, imebaki siku moja au mbili. Hapo weka kijiti chenye gome la kukwaruza, kikiegemea, kikitokeza angalau sentimita 15 juu ya maji. Wengi hushindwa hapa. Kijiti laini humwangusha akiwa nusu nje, na kijiti kilichobanwa na ukuta wa chombo hakiachi nafasi ya mabawa kuning'inia, yakakauka yakiwa yamekunjamana. Mabawa yakikauka hivyo hakuna dawa. Kutoka hufanyika usiku, na alfajiri mabawa huwa tayari kuruka. Usimguse kabla. Ganda tupu lililobaki kwenye kijiti lihifadhi. Lina miiba na meno yote yale yale, na ni ushahidi kwamba amezaliwa mahali hapo, jambo ambalo mkubwa anayepita angani hawezi kulithibitisha.

Ramani

Orodha ya nchi haina maana kwake. Yupo karibu kila mahali penye joto, takribani kati ya digrii 40 kaskazini na 40 kusini ya ikweta: Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska, Asia ya kusini na mashariki, Australia, visiwa vya Pasifiki, na Amerika zote mbili. Katika Himalaya ameonekana kwenye urefu wa mita 6,200. Hakuna kereng'ende mwingine aliyeenea hivyo. Utafiti wa jeni uliochapishwa 2016, kwa wadudu wa Asia na wa Amerika zote mbili, ulikuta wanafanana kiasi cha kuonekana kama jamii moja inayozaliana.

Pengo linaloshangaza ni Ulaya, ambako hufika kwa nadra ingawa kiangazi kina joto la kutosha. Japani huonyesha mpaka wake waziwazi kuliko popote: kila mwaka huingia majira ya kuchipua, vizazi vyake husonga kaskazini kadiri joto linavyopanda, kisha majira ya baridi huwaua wote na mwaka unaofuata huanza upya kutoka kusini.

Safari iliyochunguzwa zaidi ni ile ya Bahari ya Hindi. Charles Anderson, mwanabiolojia wa bahari aliyekuwa akiishi Maldivi, alichapisha mwaka 2009 kumbukumbu za miaka mingi: kereng'ende hawa hutokea visiwani humo kwa wingi kuanzia Oktoba, wakiendelea kupita hadi Desemba. Maldivi ni matumbawe; maji baridi ya juu ya ardhi hakuna ya kutosha kuzaa umati ule. Kwa hiyo wametoka kwingine. Vipimo vya haidrojeni iliyomo kwenye mabawa yao, ambayo hubeba alama ya maji waliyokulia, vilivyochapishwa 2012, vilielekeza kaskazini mwa bara Hindi.

Kilichokuwa kikitatiza ni upepo. Oktoba upepo wa chini visiwani huvuma kutoka magharibi, na wadudu wanaonekana kuja kinyume chake. Lakini juu, kuanzia mita 1,000 na zaidi, hewa tayari inavuma kutoka kaskazini mashariki, wiki kadhaa kabla kaskazi haijashuka hadi baharini na kujulikana na manahodha. Kereng'ende wanaisafiria kaskazi ya juu. Inawasogeza pamoja na ukanda wa mvua unaohamia kusini, wapite Shelisheli mnamo Novemba, wafike Afrika Mashariki mvua za vuli zikiwa zinajaza madimbwi. Kutoka India hadi Afrika ni kama kilomita 3,500, nyingi zikiwa za maji matupu. Kusi ikianza, Aprili na kuendelea, kizazi kingine hubebwa kurudi Asia. Anderson alikadiria mzunguko mzima kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, ukikamilishwa na vizazi vinne. Hakuna mdudu mmoja anayekwenda na kurudi.

Wakati huo huo ndege kadhaa huvuka bahari hiyo hiyo, akiwemo kozi wa Amur, na Anderson alipendekeza kwamba wanakula kereng'ende hao njiani. Ni dhana inayoingia akilini, kwa kuwa kozi huyo ni mla wadudu na juu ya bahari hakuna panzi.

Katika Kisiwa cha Pasaka, kusini mashariki mwa Pasifiki, huyu ndiye kereng'ende pekee aliyepo. Waliofika huko wameanza kubadilika: ni weusi kuliko wenzao, na hawana ile pupa ya kuondoka. Ni rahisi kuona kwa nini. Katika kisiwa kidogo kilichozungukwa na bahari, anayepaa na upepo harudi kuzaa, na anayebaki karibu na maji ndiye anayeacha watoto.

Ukitaka kumbukumbu zako ziwe na kazi kwenye ramani hii, usiandike "nimeona wengi". Simama mahali pamoja, elekeza macho kwenye mstari kati ya vitu viwili, mti na nguzo kwa mfano, na uhesabu wanaouvuka kwa dakika tano. Andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na wanaelekea wapi. Kundi linalozunguka bila kuuvuka mstari linakula tu, na linaweza kuwepo hapo wiki nzima. Kundi linaloelekea upande mmoja, juu kidogo ya vilele vya miti, mmoja baada ya mwingine, hilo liko safarini. Hesabu tena baada ya nusu saa, kisha angalia mawingu yako upande gani.